Cheti cha Pasaka

Cheti chenyewe kilikuwa kipande cha karatasi ngumu ya samawati, hakifiki hata nusu ya kiganja. Juu kilipigwa muhuri wa kanisa, chini mwaka, 1956, na katikati jina lako kwa mwandiko wa Mwalimu Kanuti, katekista, ambaye herufi zake zilisimama wima kama askari wanaongoja kukaguliwa. Ukiungama kabla ya sikukuu unapewa. Jumapili ya Pasaka, unapokwenda kupokea Komunyo, unamkabidhi Mwalimu Kanuti, naye anakitumbukiza kikapuni. Kwa njia hiyo Padre alijua nani kala Pasaka na nani hajala. Na kama Padre hakujua, benchi zima lilijua, maana siku ile macho ya waumini hayakuwa altareni. Yalikuwa mikononi mwa jirani.

Mama yake Leodegar alikuwa hajala Pasaka miaka kumi na miwili.

Mama huyo, Skolastika, hakuwa na dhambi nyingi. Alikuwa nayo moja, lakini yenye kanzu, sauti nene na kibanda sokoni Kariakoo: Mzee Mwinyimvua, Mzaramo wa Maneromango, muuza nazi.

Baba yake Leodegar, kuli wa bandarini, alifariki mwaka arobaini na nne, akamwacha Skolastika mjini na mtoto wa miaka tisa, na kwao Mahenge ni mbali: treni, lori, kisha miguu. Mwinyimvua alianza kwa kumwachia nazi mbili kwa bei ya moja, akaishia kumwachia chumba. Kuoana hawakuoana. Skolastika hakutaka kusilimu. Mwinyimvua hakutaka kubatizwa, na hata angetaka, shamba alikuwa na mke wa ndoa, Bi Siwema, mwenye watoto wake watano, naye hakuwa na sababu ya kumwacha. Basi wakaishi hivyo hivyo Mtaa wa Sikukuu, kwa utulivu ambao ndoa nyingi zilizobarikiwa zilikuwa zikiusikia kwa jirani tu.

Leodegar alilelewa na nazi za Mwinyimvua. Nazi ndizo zilizompeleka sekondari ya mapadre, na kila muhula ulipoanza, mzee alimsindikiza stesheni na sanduku la bati kichwani, akimwita Degari kwa kuwa jina zima lilimshinda. "Ndio majina gani haya, mtoto anaitwa kama behewa!" Leodegar alirudi na darasa la kumi, Kiingereza cha kutosha, Kilatini cha kuombea chumvi, na ulimi usiolala. Alijiona mtani wa dunia nzima. Kila kitu kilichopita mbele yake alikigeuza kichekesho, na watu wa barazani walimpenda, maana kucheka ni bure na mchana wa Kariakoo ni mrefu.

Januari ya mwaka ule daktari alimwambia Skolastika kwamba moyo wake umetanuka. Miguu ilikuwa ikimvimba jioni, na ngazi tatu za kutokea uani alizipanda kwa vituo. Alimwita mwanawe.

"Mtu wa kifua anakohoa, padre anaitwa, anafika," alimwambia. "Moyo hautoi taarifa. Mimi nitaanguka hapa uani na mwiko mkononi. Nataka nile Pasaka, Leodegar. Moja tu. Nisiondoke kama mtu asiye na kwao."

Padre, Mswisi mwenye ndevu zilizofika kwenye kamba ya kiunoni, alikuwa na sharti. Skolastika atoke katika nyumba ya yule mzee. Akae kwingine Kwaresima yote, siku arobaini, na Mwalimu Kanuti awe shahidi. Na aahidi kwamba hatarudi.

Skolastika akasema ndiyo.

Ndiyo ile Leodegar aliichukua kama ya mtu anayekata tiketi ya kwenda na kurudi. Hakumwuliza mama, aliona dhahiri tu. Mwinyimvua naye aliiona hivyo hivyo.

"Nenda, Mama Degari," mzee alisema. "Funga mfungo wako, ule hiyo Pasaka, moyo utulie. Mwezi wetu unaandama siku kumi na kitu baadaye. Kabla ya kuanza kufunga, vunjajungu tutakula pamoja."

Skolastika alimtazama, akainama kufunga nguo zake kwenye shuka.

Siku moja kabla ya Jumatano ya Majivu, Mwinyimvua mwenyewe alisukuma mkokoteni mpaka mtaa wa Gerezani, nyumba ya fundi mmoja wa reli, ambako Elieshi, mke wa fundi huyo, Mpare na Mlutheri, alikuwa na chumba kitupu. Akashusha kitanda, godoro la sufi, sufuria mbili na ule mzigo wa nguo. Alipomaliza alisimama kizingitini akijifuta jasho, hakuingia tena.

"Haya. Nisije nikakuharibia."

Elieshi aliwatazama wote watatu, mikono kiunoni. "Nyinyi Wakatoliki mna mambo! Mbinguni mnakwenda kwa tiketi, kama abiria wa daraja la tatu."

"Na nyinyi?" akauliza Leodegar.

"Sisi mchungaji anatuandika daftarini."

"Basi nyinyi mnasafiri kwa mkopo."

Skolastika alicheka mpaka akashika ukuta. Ndivyo alivyokuwa, mtu wa kucheka, na ni yeye aliyemzoesha mwanawe kwamba akisema neno, mtu atacheka.

Kwaresima ikaenda. Kila baada ya siku mbili Leodegar alipita sokoni, akakuta nazi mbili zimefuliwa na kufungwa kwa kamba ya makumbi, akazipeleka Gerezani. Mwinyimvua hakuthubutu kukanyaga kule. Aliuliza tu, bila kuinua macho, "Anapumua vipi?"

"Anapumua kwa Kilatini, Mzee."

"Mwambie apumue kwa Kiswahili, atachoka." Kisha anachagua nazi nyingine nzuri zaidi, anaibadilisha na moja ya zile mbili.

Mwalimu Kanuti alifika kila Ijumaa jioni na daftari lake. Alikuwa mtu mkavu, mwenye haki, asiyejua kutania na asiyejua kuonea. "Yule mzee amefika?" alimwuliza Elieshi kila mara.

"Hajafika. Ukimwona wewe, mwambie nazi zake tamu."

Kanuti aliandika: hajafika.

Leodegar alipokwenda jioni alimkuta mama amekaa juu ya kitanda, rozari mkononi, na miguuni pa kitanda ule mzigo wa nguo, umefungwa vilevile. Kanga alizokuwa akivaa zilikuwa mbili tu, moja anafua, moja anavaa. Juma la kwanza aliona ni uvivu. Juma la tatu aliona ni kichekesho. Juma la tano kichekesho kilikuwa kimeiva, kinatafuta watu.

Watu wakapatikana. Mwalimu Kanuti alimwomba azungumze na waumini asubuhi ya Jumamosi Kuu, katika ukumbi wa shule nyuma ya kanisa, wakati vyeti vinagawiwa. "Kwa kuwa umesoma," Kanuti alisema. "Waeleze neno Pasaka limetoka wapi na maana yake nini. Wanakula kitu wasichojua jina."

Leodegar alikuwa karani katika duka la kanga la Bwana Tulsidas, na wiki nzima ile, kati ya robota moja na jingine, alikuwa na kitabu kinene alichoazima kwa Padre. Bwana Tulsidas alimvumilia mpaka Alhamisi.

"Mimi nimezaliwa hapa hapa Dar es Salaam," alisema, miwani kwenye ncha ya pua. "Kila mwaka nafunga duka Ijumaa, nafunga Jumatatu, kwa ajili ya sikukuu ambayo jina lake silijui. Wazungu wanasema Ista. Nyinyi mnasema Pasaka. Ni moja au mbili?"

"Moja, Bwana. Ila Mwingereza amekwenda kuchukua jina la mungu wa kike wa mababu zake, aliyekuwa akishukuriwa baridi ikiisha. Mtawa mmoja wa zamani ndivyo alivyoandika. Sisi tumechukua neno la Wayahudi."

"Kwa hiyo mshirikina ni Mwingereza?"

"Nilijua utafurahi."

Bwana Tulsidas hakucheka, lakini miwani ilitikisika. "Na hilo la Wayahudi, limewafikiaje nyinyi?"

"Kwa miguu. Kiebrania Pesakhi. Kikaja Kiaramu, Paskha. Mgiriki akalichukua lilivyo, Mlatini akampokea Mgiriki, mapadre wakaliteremsha pwani na mizigo yao, na sisi, kwa kuwa hatupendi konsonanti zikisongamana, tukalitia irabu katikati. Pasaka."

"Neno limebadilisha wenyewe mara tano na halijachakaa," Bwana Tulsidas alisema. "Ningepata kanga za namna hiyo!"

Jumamosi ukumbi ulijaa. Watu kama sitini, wanawake upande huu, wanaume upande ule, na vyeti vilikuwa vimekwisha gawiwa. Skolastika alikaa benchi la pili. Alikishika cheti chake kwa ncha za vidole viwili, hakukitia mfukoni wala kukikunja, kama mtu aliyeokota kipepeo. Jina lake lilikuwa pale, wima, kwa wino mweusi. Mwanawe alipopita kwenda mbele alimwonyesha, haraka, kama msichana anayeonyesha pete.

Leodegar akaanza. Aliwapitisha njia yote, kutoka Kiebrania mpaka Kariakoo, na walicheka pale alipotaka wacheke. Aliwaambia kwamba maana yake ni kupita: katika Misri mwangamizi alipita juu ya nyumba zilizopakwa damu ya mwanakondoo mlangoni, asiziguse. Aliwaambia kwamba wako wasomi wanaosema maana ya kwanza kabisa ni kuchechemea, na wengine wanasema ni kukinga, kama ndege anavyowafunika makinda. Na kwamba Wagiriki wa kale, waliposikia Paskha, walidhani ni neno la kwao, maana kwao liko neno la namna hiyo na maana yake ni kuteswa. Wakahubiri hivyo miaka na miaka, na hawakukosea sana.

Hapo palikuwa kimya, kimya kizuri, na Mwalimu Kanuti alikuwa akitikisa kichwa polepole kwa kuridhika. Mtu mwingine angekaa chini.

Leodegar hakupenda kimya. Kimya kilimwasha.

"Na chakula chenyewe, jamani! Mnadhani walikaa mkekani wakapakuliwa? Walikula wima. Mkate bila hamira, mboga chungu kama mchunga, kiuno kimefungwa, viatu miguuni, fimbo mkononi."

"Loo! Kilishukaje?" akasema mama mmoja nyuma.

"Kilishuka chenyewe, mama, na wao wanaondoka! Mzigo umefungwa tayari, unga haujaumuka." Akangoja kicheko kipungue. Akakiona mbele yake kile kingine, kilichoiva, kimekaa kama embe kwenye tawi la chini. "Na msidhani Waisraeli wamekwisha. Nendeni Gerezani kwa Elieshi. Yuko Mwisraeli mmoja pale, siku arobaini hajafungua mzigo wake! Anasali amefunga kiuno, anakula viatu viko mlangoni. Ila huyu wa kwetu amegeuza njia. Akishakula Pasaka kesho, Jumatatu anavuka Kariakoo nzima kwa miguu mikavu, anarudi kwa Firauni wake Mtaa wa Sikukuu, akamkunie nazi!"

Ukumbi ulipasuka. Wanaume waligonga mabenchi. Mama mmoja alijifunika uso kwa kanga, mabega yakitetema. Na Skolastika, kwa kuwa watu wanacheka na aliyesema ni mwanawe, alianza kutabasamu, kwa mazoea, kabla maneno hayajamfikia. Leodegar alilitazama lile tabasamu likikaa usoni pake peke yake, halina pa kwenda.

Mwalimu Kanuti hakucheka. Aliinuka, akapita katikati ya mabenchi, na kadiri alivyopita kicheko kilizimika nyuma yake. Alisimama mbele ya Skolastika, akanyoosha mkono. Hakufanya kwa ukali.

"Mama Leodegar."

Skolastika alimpa cheti. Vidole vyake viwili vilibaki vimegusana hivyo hivyo, hakuna kitu kati yavyo.

Saa nane mchana Leodegar alikuwa kwa Padre. Padre alikuwa amechoka, macho mekundu kwa saa nyingi za kuungamisha watu. Alizungumza Kiswahili cha vitabuni, kila neno limepigwa pasi.

"Mwalimu Kanuti amenieleza. Sasa nieleze wewe. Uliyoyasema yalikuwa uongo?"

"Yalikuwa utani, Padre."

"Sikuuliza kama yalikuwa utani. Nimeuliza kama yalikuwa uongo."

Hapo ndipo pangehitajika neno moja. Angesema ndiyo, uongo mtupu, mama hana mzigo, nilitunga, na cheti kingerudi, na yeye angekuwa na dhambi ya kuungama kabla ya jua kuchwa, kwa padre huyo huyo. Mtu aliyekuwa na jibu la kila kitu alisimama pale akiutafuta uongo mmoja, asiuone. Mzigo aliuona kwa macho yake. Kichekesho hakukitoa hewani.

"Sijui, Padre."

"Mimi pia sijui. Na nikiwa sijui, siwezi."

"Mwulize mwenyewe."

"Nimemwuliza," Padre alisema, akajifinya katikati ya macho. "Nimemwuliza mara mbili kama anakusudia kurudi. Amenyamaza. Mwanamke yule hasemi uongo, na wewe unajua."

Pasaka ya mwaka ule ilianguka tarehe mosi Aprili, siku ya wajinga. Siku nyingine Leodegar angepata hapo mazungumzo ya mwezi mzima.

Skolastika alikwenda kanisani. Alivaa gauni jeupe aliloshonewa kwa ajili ya siku hiyo, akakaa benchi lake. Ilipofika Komunyo watu wakasimama, vyeti vya samawati mikononi.

"Nenda," alimwambia mwanawe, bila kumtazama. "Angalau mmoja ale."

Leodegar akaenda. Alipogeuka, aliona kwamba mama naye ameingia katika mstari wa wanawake. Labda miguu ilimpeleka. Labda alitaka tu kufika mpaka pale. Mstari ukasogea. Mbele alisimama Mwalimu Kanuti na kikapu. Kila mkono uliingia ukatoka. Skolastika alipofika alitazama ndani ya kikapu, muda mrefu kidogo kuliko inavyohitajika kutazama kikapu, kisha akageuka. Akarudi peke yake katikati ya kanisa, uso kwa uso na mstari mzima uliokuwa ukija, akisimama kila hatua kadhaa kutafuta pumzi, na watu wakimpisha huku na huku. Kwaya ilikuwa ikiimba aleluya. Mahali fulani upande wa wanaume, mtu alikohoa kikohozi cha kuficha kicheko.

Leodegar alipokea. Ikamganda kwenye kaakaa, akaimeza kwa nguvu kama kidonge cha kwinini.

Alasiri Mwinyimvua alifika Gerezani, kanzu imepigwa pasi, mkokoteni nyuma yake. Habari zilikuwa zimemfikia sokoni asubuhi, zimeongezwa chumvi na ndimu. Kwa mara ya kwanza tangu Kwaresima alivuka kizingiti, akakaa kwenye kigoda. Leodegar alimwamkia, "Shikamoo, Mzee." Mwinyimvua aliitikia marahaba kwa sauti ndogo, akimtazama Skolastika.

"Pole, Mama Degari. Nimesikia. Haya, twende nyumbani."

"Sirudi, Mwinyi."

"Cheti si wamekunyang'anya? Unakaa hapa kwa ajili ya nini sasa?"

"Kwa ajili ya mwakani."

"Mwakani?" Mwinyimvua aliitazama ile miguu iliyovimba juu ya mkeka. "Na daktari je?"

"Daktari hagawi vyeti." Sauti yake haikuwa na hasira. "Nikirudi leo, nitakuwa nimeyatia muhuri maneno waliyoyacheka. Watasema, mnaona? Alikuwa anatudanganya sisi, anamdanganya na Mungu. Siwezi kurudi, Mwinyi. Jana asubuhi ningeweza."

Leodegar alipiga magoti mkekani. "Mama, ulikuwa utani. Hata wao wanajua. Na wewe si ulikuwa unarudi lakini? Si ndiyo sababu hukufungua mzigo?"

Mama yake alimgeukia, na lile alilomwambia alilisema taratibu, kama anamfundisha mtoto kufunga kamba ya kiatu.

"Nilikuwa sijui, mwanangu. Siku arobaini nimelala na huo mzigo miguuni. Kila asubuhi najiuliza, niufungue au niubebe. Nikisema nitarudi, namwogopa Mungu. Nikisema sirudi, namwonea huyu mzee wa watu. Nikasema, ngoja kwanza nile. Nikishakula nitakuwa na haki ya kumwuliza Mungu mwenyewe, kama mtu wa ndani ya nyumba, nifanye nini. Padre aliponiuliza jana nilinyamaza kwa kuwa sikuwa na jibu." Akapumzika kidogo. "Wewe ukanijibia. Mbele ya watu sitini."

Elieshi, aliyekuwa amesimama mlangoni na jagi la uji, alirudi nalo jikoni.

Mwinyimvua aliinuka. Alitoa nazi mbili katika mfuko wa kikapu, akaziweka karibu na sufuria, akazigeuza ili zisibingirike. Kisha ndipo alipomwangalia kijana.

"Degari."

"Naam, Mzee."

"Firauni ndiye mimi?"

"Mzee, ni maneno tu ya kuchekesha..."

"Nimeuliza tu. Maana Firauni nimesomeshwa chuoni tangu mdogo, namjua. Alikuwa akitupa watoto wa watu mtoni. Mwaka wa mafuriko mimi nilikubeba mabegani kuvuka Msimbazi, maji yako hapa." Aliweka mkono kifuani. "Una homa, unanitapikia kichwani."

"Nakumbuka, Mzee. Nisamehe."

"Nimekusamehe, nakujua. Tangu una miaka tisa unasema hovyo, nami nacheka. Lakini wale hawanijui. Wale hawajala kwangu hata kipande cha nazi. Kwao mimi sasa ni huyo, nikipita na mkokoteni wangu watasema yule anapita." Alivaa kofia yake, akaisawazisha kwa muda. "Ukija nyumbani, piga hodi."

Leodegar alikuwa amelala katika nyumba ile miaka kumi na miwili. Hodi hakuwahi kupiga.

Mzee alitoka. Walisikia magurudumu ya mkokoteni mtupu yakiruka kwenye kokoto za kando ya reli, yanapiga kelele kuliko yalivyopiga yakiwa na mzigo, mpaka yakapotelea upande wa Kariakoo. Skolastika alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akashuka kitandani, akakifungua kile kifurushi cha shuka, akatoa nguo moja moja na kuzitundika kwenye kamba ukutani: kanga, gauni la kitambaa cha maua, sweta la baridi ya Mahenge, na kikoi cha kiume kilichokuwa kimeingia humo kwa bahati mbaya au vinginevyo. Hicho alikikunja upya, akakiweka chini ya mto.

Ramadhani ikaandama. Mtaa wa Sikukuu waliona kwamba Mzee Mwinyimvua anafuturu barazani kwa majirani, kila siku nyumba nyingine, na kwamba akiulizwa habari za nyumbani anasema salama. Leodegar alikuwa amehamia chumba cha kupanga Buguruni, na mwenzake wa chumba alilalamika kwamba amepewa mtu bubu. Dukani Bwana Tulsidas alimwuliza mara moja kama anaumwa, akamjibu haumwi.

Kile kichekesho hakikumhitaji tena. Kilikuwa kikitembea chenyewe. Kilitoka ukumbini kikaenda kisimani, kikatoka kisimani kikaenda karakana za reli, na kila kilipofika kilipoteza kipande: kwanza wakasahau viatu na fimbo, kisha wakasahau Firauni, kisha wakamsahau aliyekisema. Kilichobaki kilikuwa neno moja.

Jumamosi ya pili ya mfungo Leodegar alikwenda Gerezani na nazi alizonunua kwa pesa yake, kwenye kibanda kingine. Alimkuta mama amekaa barazani kwa Elieshi anachambua mchele, miguu juu ya kigoda, pumzi inasikika toka njiani. Hakumwambia asogee wala aondoke. Alimwonyesha tu kwa kidevu mahali pa kuweka nazi.

Mwanamke mmoja alikuja na debe la unga kichwani, mtu mgeni, mchangamfu, mke wa mpiga chuma mpya wa karakana. Hakuwa na ubaya wowote. Alikuwa ametumwa kuleta unga, akaambiwa jina la mwenye unga, akalishika lilivyo.

"Hodi hapa! Kwa Mama Mwisraeli ndiyo hapa?"

Leodegar alifungua mdomo. Alitaka kusema kwamba ana jina, anaitwa Skolastika, kabatizwa Mahenge, kwamba jina hilo limeandikwa vizuri sana kwenye karatasi moja ya samawati iliyoko kwa katekista. Mama yake aliinua mkono kumzuia, akaweka ungo chini, akavuta pumzi yake ndefu ya kwanza, kisha ya pili.

"Abee," akaitika. "Ndiyo hapa. Karibu, mama."